Kurusha helikopta ya rimoti asubuhi za baridi: Nakuru, Molo hadi Timboroa

Maelekezo mengi ya kurusha helikopta ya rimoti wakati wa baridi yameandikwa na watu wa Kanada na Ulaya Kaskazini. Wao husema hivi: betri itachoka upesi, lakini hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo mapanga yatashika vizuri na helikopta itapanda kwa nguvu. Neno la kwanza ni kweli popote ulipo. La pili litakupotosha ukiwa Molo, kwenye nyanda za juu za Kenya.

Viwanja vyao vingi haviko mbali na usawa wa bahari. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu, Molo ni karibu mita 2,500, na Timboroa imepita 2,700. Hata Kisumu, tunayoiita bondeni, iko mita 1,130 hivi. Kwenye usawa wa bahari, hewa ikiwa na nyuzi 15, mita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1,225. Kisumu alasiri, nyuzi 28, ni kama gramu 1,020. Nakuru asubuhi, nyuzi 12, ni kama 990. Molo saa moja asubuhi mwezi wa Julai, nyuzi 8, ni kama 930. Baridi yote ya Molo haijafaulu kurudisha uzito ambao mwinuko umeuondoa. Hewa inayokugandisha vidole pale bado ni nyepesi kuliko ile ya joto ya Kisumu.

Kwa hiyo huku kwetu baridi huja na hasara yake bila faida yake. Betri inadhoofika, na hewa nyepesi inadai umeme zaidi kutoka kwa betri hiyo hiyo. Ndiyo sababu helikopta iliyozoea kuruka dakika sita Kisumu inaweza kupoteza udhibiti wa mkia dakika ya tatu ikiwa Elburgon, na mwenyewe akabaki akilaumu jairo, kile kifaa kinachotuliza mkia. Mifano ya hapa chini ni ya helikopta ya ukubwa wa 450, yaani mapanga ya milimita 325 na betri ya seli tatu ya mAh (miliampea-saa) 2,200, kwa kuwa hiyo ndiyo wengi huanza nayo. Kwa kubwa zaidi kanuni ni zile zile, ila gharama ya kosa hupanda.

Betri kwanza, na betri mwisho

Betri ya lipo (lithiamu-polima) ikiwa baridi haijaisha umeme. Umeme umo ndani, ila ukinzani wa ndani umepanda na kuutoa kwa kasi kumekuwa kugumu. Tuseme kila seli ina ukinzani wa miliomu 5 ikiwa na joto, na 10 ikiwa baridi. Helikopta ikivuta ampea 15 za kuelea tu, betri yenye joto hupoteza volti 0.23 hivi, iliyo baridi hupoteza 0.45. Sasa sukuma stiki upande, mota ivute ampea 50. Betri iliyotulia kwenye volti 11.4 itashuka hadi 10.65 ikiwa na joto, sawa na 3.55 kwa seli. Ikiwa baridi itashuka hadi 9.9, sawa na 3.3 kwa seli. Hapo kidhibiti cha mota kinaanza kufikiri kwamba betri imeisha na kinapunguza nguvu, ilhali helikopta iko hewani, pua imeelekea juu, na mkia unahitaji kila mzunguko uliopo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, hakikisha kidhibiti chako kimewekwa kipunguze nguvu polepole betri inaposhuka, wala si kukata ghafla. Kukata ghafla kunafaa gari la rimoti. Helikopta ikikatiwa ghafla itakuja chini, na kama hujazoea kutua bila mota utaokota vipande.

Joto la betri unalolitafuta kabla ya kuruka ni kati ya nyuzi 30 na 40. Usipite 45. Njia rahisi ni lile sanduku la plastiki la kubebea soda baridi: kinachozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke. Fanya hivi:

1. Chaji betri nyumbani usiku, chumba kikiwa na joto la kawaida, kwa kiwango cha ampea 2.2 kwa betri ya mAh 2,200.
2. Asubuhi jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za plastiki ngumu za lita moja. Maji yawe kama nyuzi 50, moto ambao mkono unaweza kuugusa lakini hauwezi kukaa ndani. Maji yanayochemka hapana. Yatayeyusha chupa na kuharibu betri.
3. Funga kila chupa kwa taulo, uilaze kwenye sanduku, betri zikae juu ya taulo bila kugusa chupa.
4. Kila plagi ya betri ifunikwe kwa kifuniko chake au kipande cha mpira. Betri mbili zikigusana plagi ndani ya sanduku lililofungwa ni moto.
5. Funga sanduku na usilifungue ovyo. Toa betri moja tu, wakati uko tayari kabisa kuruka.

Kupima joto tumia kipimajoto cha karakana cha kuelekeza kwa mbali. Vile vilivyokuwa vikielekezwa kwenye paji la uso milangoni wakati wa Korona havifai sana, kwa sababu vingi katika hali ya kupima mwili husoma kati ya nyuzi 32 na 42 tu. Ukikosa vyote, shika betri mkononi: iwe na joto kama yai lililotoka kwa kuku.

Wengi hubeba betri mfukoni chini ya koti. Inafaa, mradi mfuko huo hauna funguo, sarafu wala simu. Jambo la kuepuka kabisa ni kuweka betri karibu na jiko la makaa, au juu ya injini ya gari, au mbele ya kipasha joto cha gari ukiondoka kwenda kuzungumza na watu. Upande mmoja wa betri hupata moto kupita kiasi huku mwingine ukiwa bado baridi, na hapo seli hazifanyi kazi sawa tena.

Betri ikianza kazi hujipasha yenyewe. Hatari kubwa iko kwenye dakika ya kwanza, hasa kama ilikaa kwenye helikopta ikikungoja ufunge kofia, ujibu simu, uwaondoe watoto. Kutoka sandukuni hadi mota kuzunguka kusipite dakika mbili. Kisha elea kwa kimo cha kiuno hadi kichwa kwa sekunde 45 hadi 60 bila kupanda kwa nguvu.

Saa ya kuhesabia muda kwenye rimoti usiiache kama ilivyokuwa Kisumu. Kama ilikuwa dakika sita, anza na nne. Tua, rudi nyumbani, chaji, na usome chaja imerudisha mAh ngapi. Tuseme umeruka dakika 4 na chaja imerudisha 1,280. Hiyo ni 320 kwa dakika. Siku ya joto huruhusiwa kutumia asilimia 80 ya betri. Siku ya baridi shika 70, yaani 1,540 kwa betri ya 2,200. Gawanya 1,540 kwa 320, unapata dakika 4.8. Weka 4 na sekunde 40. Rudia hesabu hii mara tatu kwa siku tofauti kabla ya kuiamini, na uandike namba kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye betri yenyewe, kwa maana betri mbili za aina moja huzeeka tofauti. Ile iliyokwisha vimba kidogo iache kabisa. Inaweza kuonekana nzima Kisumu na ikafa Molo.

King'ora kidogo cha volti kinachochomekwa kwenye plagi ya kusawazisha seli ni bei nafuu na kinaokoa helikopta nyingi. Kiweke kilie kwenye volti 3.5 kwa seli. Kikilia kwa nukta moja unapopanda kisha kikanyamaza, betri bado ni baridi au imechoka: shusha na uelee. Kikilia mfululizo ukiwa unaelea tu, tua.

Kuhusu kuchaji uwanjani kutoka kwa betri ya gari: inawezekana, lakini usichaji betri ya lipo iliyo chini ya nyuzi 10. Ikichajiwa baridi, chembe za lithiamu hujibandika juu ya uso wa ndani wa seli badala ya kuingia panapostahili, na madhara hayo hayarudi nyuma. Utaona baadaye betri imepungua uwezo au imevimba, na hutakumbuka asubuhi iliyoiua. Iingize kwanza ndani ya sanduku lenye joto kwa nusu saa. Popote unapochaji, betri ikae kwenye chungu cha udongo kilicho wazi juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, na mtu awe karibu.

Mapanga katika hewa nyepesi

Helikopta iliyorekebishwa Kisumu ikipelekwa Molo itakuwa mvivu. Kwa mizunguko ile ile, mwinamo wa mapanga wa kuelea unaokuwa nyuzi 5 Kisumu utahitaji kama 5.5 Molo. Na kama uliweka kila kitu kwa kufuata kitabu cha helikopta kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, nyuzi zile 5 za kitabu zitakuwa karibu 6.5. Ukipenda kubaki na mwinamo ule ule, basi inakubidi uongeze mizunguko: 2,700 kwa dakika ya Kisumu iwe kama 2,830. Kwa vyovyote, nguvu ya kuelea peke yake hupanda kama asilimia 5 kutoka Kisumu, na kama 15 kutoka usawa wa bahari.

Kati ya hizo mbili, mizunguko ndiyo njia bora, mradi kitabu cha mapanga yako kinaruhusu. Mapanga yanayozunguka polepole huku yameinamishwa sana hufika mahali yakapoteza mshiko, na hapo kusukuma stiki zaidi hakupandishi helikopta bali hupunguza mizunguko tu. Dalili yake ni sauti: mlio unashuka na kuwa mzito kama mtu anayekohoa, na pua inaanza kugeuka yenyewe. Ukisikia hivyo punguza mwinamo mara moja, acha mizunguko irudi.

Usikimbilie kuweka pinioni, ile gia ndogo ya mota, iliyo kubwa zaidi. Kutoka meno 13 hadi 14 kwenye gia kuu ya meno 150 huongeza mizunguko kwa karibu asilimia 8, lakini pia huongeza ampea, na tumekwisha kuona betri ya baridi inavyozipokea ampea. Kwanza angalia mkondo wa throto, yaani kiwango cha nguvu ya mota kilichowekwa kwenye rimoti. Kama uko asilimia 80, nenda 85. Usivuke 90 ikiwa unatumia gavana, mfumo unaoshika mizunguko isibadilike, kwa kuwa gavana anahitaji akiba ya kuongeza nguvu mapanga yanapolemewa. Asipokuwa na akiba anakuwa jina tu. Ukishafika hapo na helikopta bado ni nzito, ipunguzie uzito: ondoa taa, kamera, betri kubwa uliyoongeza ili kupata dakika. Betri ndogo yenye joto itakuhudumia vyema kuliko kubwa iliyo baridi.

Panga za mkia ziko kwenye hewa ile ile nyepesi, na watu husahau. Mkia ukiteleza unapopanda kwa nguvu lakini ukishika vizuri unapoelea, jairo haina kosa. Fungua mwinamo wa mkia hadi mwisho wa njia yake bila kukwama, kisha kama bado, weka panga za mkia zilizo ndefu kwa milimita 3 hadi 5. Zungusha kwa mkono uone haziguswi na mapanga makuu wala ardhi.

Mpira, grisi na plastiki

Hapa ndipo maelekezo ya kigeni hututisha bure. Nyuzi 8 za Molo si nyuzi 15 chini ya sifuri. Bomba la mkia la alumini halitanywea kwa kiasi cha kulegeza mkanda, na grisi nzuri haitaganda kuwa mshumaa. Lakini kuna sehemu tatu za kuangalia.

Mipira ya ndani ya kichwa, inayoshika shafti ya mapanga, hukazana. Helikopta inakuwa kali mkononi na inatetemeka dakika ya kwanza. Kama mtetemo unaisha baada ya dakika moja ya kuelea, ni mipira tu. Usipoisha, tua utafute shafti iliyopinda. Wanaoruka Timboroa kila wiki hufaidika kuweka mipira laini kwa daraja moja katika miezi ya Juni hadi Agosti.

Vishikio vya plastiki vya gololi hubana. Chomoa kila fimbo upande wa sevo (mota ndogo inayoisukuma), iinue na uiachilie. Iteremke yenyewe kwa uzito wake. Ikisimama hewani, kishikio kimebana, na sevo itakuwa ikisukuma msuguano badala ya panga. Kibane kidogo kwa koleo kikiwa bado juu ya gololi, ukikizungusha, hadi kilegee. Fanya kazi hii nje, kwenye baridi yenyewe. Ukiifanya ndani ya nyumba yenye joto utadhani vimelegea na kumbe nje vitabana.

Grisi nene iwekwe tu kwenye beringi za kusukumwa, ndani ya vishika mapanga. Shafti ya mkia, ambako kitelezi huenda na kurudi, itaka tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Grisi pale hukaza kitelezi, mkia unaanza kutikisika kushoto na kulia polepole, na mtu anapunguza nguvu ya jairo bure.

Plastiki ngumu ya miguu ya kutulia huvunjika kwa urahisi zaidi asubuhi, na ardhi yenyewe ni ngumu. Beba jozi ya akiba, pamoja na gia kuu moja, shafti kuu, shafti ya mapanga na seti ya panga za mkia. Sehemu hizi kwetu huagizwa na kungojewa, na hakuna anayependa kurudi mjini kwa sababu ya kipande cha shilingi mia chache.

Jairo isiwashwe ikiwa na joto

Betri inataka joto, jairo inataka kulingana na hewa. Chipu ya jairo hujua "kutulia" kwake kwa joto lililokuwapo ulipoiwasha. Ukiiwasha helikopta iliyotoka kwenye gari lenye joto, itajipima, kisha ikipoa hewani kipimo kinahama na mkia, au mwili mzima, unaanza kuelekea upande mmoja bila amri yako. Weka helikopta nje bila betri kwa dakika 10 hadi 15, kivulini, juu ya mkeka. Ndipo uingize betri ya moto, uiache bila kuigusa hadi jairo imalize kujipima. Upepo ukiitikisa wakati huo, izuie kwa mwili wako ukisimama upande upepo unakotoka, wala usiishike kwa mkono. Kama umelazimika kukaa dakika kadhaa ikiwa imewashwa, zima uwashe tena.

Umande na ukungu

Baridi ya nyanda zetu ni ya unyevu. Saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza, majani ya Molo na Mau Narok yamelowa, na siku nyingine kuna jalidi nyeupe mabondeni. Panga za mkia ziko sentimita chache kutoka chini na hunyonya maji hayo na kuyarusha kwenye sevo ya mkia na kidhibiti. Paa kutoka juu ya ubao au turubai lililokazwa pembe nne kwa mawe mazito. Turubai lililolegea litanyanyuliwa na upepo wa mapanga na kuingia kwenye mapanga yenyewe. Mraba wa mita moja na nusu unatosha.

Ukungu ukiwa umetanda usiruke. Helikopta ya 450 ikifika mita 50 hata siku ya anga safi, ni shida kujua pua iko wapi. Katika ukungu utaipoteza kwa mita 30, na ikishageuka kivuli cha kijivu hutajua inakuja au inaenda. Zaidi ya hayo, matone madogo hukusanyika juu ya mapanga na ndani ya kofia. Kusubiri kunalipa: ukungu wa kawaida huinuka kati ya saa mbili na saa tatu, na upepo wa bonde hauanzi kusumbua kabla ya saa nne. Dirisha lako ni hilo, muda wa saa moja hadi mbili hivi, na linatosha betri nne au tano. Simama jua likiwa nyuma yako. Asubuhi liko chini kabisa na likikuingia machoni kwa nukta mbili helikopta imekwenda.

Vidole

Helikopta huongozwa kwa milimita, na kidole gumba kilichokufa ganzi hakizihisi. Glavu nene hazisaidii. Nunua glavu nyembamba za sufu kwenye mitumba, Kibuye ya Kisumu au soko lolote la Nakuru, ukate ncha za kidole gumba na cha shahada tu. Kilicho bora zaidi ni mfuko wa rimoti, na fundi cherehani yeyote anaweza kuushona kwa kitambaa kizito cha blanketi: upana sentimita 45, urefu 40, tundu mbili za mikono zenye lastiki pembeni, tundu la ukanda wa shingoni nyuma, na juu dirisha la plastiki angavu la sentimita 30 kwa 20 ili uone stiki, swichi na kioo cha namba. Plastiki ile ya kufunika meza inafaa. Hakikisha antena haijafungiwa chini ya kitu cha chuma, kisha fanya jaribio la masafa kabla ya kuruka, mfuko ukiwa umevaliwa.

Kabla hujapaa, jizoeze kupata swichi ya kukata mota bila kutazama, mikono ikiwa ndani ya mfuko. Fanya mara kumi. Ukianza kushindwa kuhisi chemchemi ya stiki, tua, kunywa chai, pasha mikono dakika tano.

Uwanja, watu na kondoo

Ncha za mapanga ya 450 zikiwa na mizunguko 2,800 husafiri karibu kilomita 380 kwa saa. Kwa hiyo suala la watu linakuja mbele ya starehe. Ukianza tu, watoto watatokea. Usiwafukuze kwa ukali, wape mahali: chora mstari au nyoosha kamba mita 30 nyuma yako, mpe mkubwa wao kazi ya kuulinda, na uwaeleze kwamba mtu akivuka unatua. Kisha utue kweli akivuka. Wewe mwenyewe usiwe karibu na helikopta kuliko mita 10 mapanga yakizunguka kwa kasi.

Kiwanja cha shule wakati wa likizo au shamba la viazi lililovunwa linafaa, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu au mwenye shamba, iliyoombwa siku moja kabla. Kondoo wa Molo hukurupuka kwa mlio wa mkia na kukimbilia nyaya za uzio; mwambie mchungaji awapeleke upande mwingine kwanza. Epuka njia za nyaya za umeme. Hifadhi ya Ziwa Nakuru na kingo zake si mahali pa kurushia, wala karibu na viwanja vya ndege vya Kisumu na Eldoret, wala kambi ya jeshi ya Lanet. Kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020 ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA: waulize kuhusu usajili na kibali kabla hujaagiza helikopta kutoka nje, usije ukaiacha kwenye forodha. Kimo kisipite futi 400, ingawa kwa helikopta hizi macho yako yatakuzuia mapema zaidi.

Kama yako ni ya nitro (injini ya mafuta)

Hewa nyepesi inataka mafuta machache. Sindano iliyowekwa Kisumu itamwaga mafuta mengi mno Molo, baridi isikudanganye uifungue zaidi. Funga kliki moja, ruka, tazama moshi, funga nyingine ikibidi. Uzi mwembamba wa moshi uendelee kuonekana wakati wote wa kupanda. Ukikatika, fungua kliki moja haraka. Kuwasha ndiko kugumu: pasha plagi ya injini kwa betri iliyojaa kabisa, iliyokaa ndani ya lile sanduku, na uache injini ingurume polepole dakika mbili kabla ya kuibebesha mzigo.

Baada ya kutua

Gusa mota na kidhibiti. Hewa baridi haimaanishi vimepoa, kwa kuwa hewa nyepesi huondoa joto kidogo. Mota ikiwa na zaidi ya nyuzi 70, umeitwisha mzigo mkubwa: angalia pinioni na mwinamo.

Helikopta baridi ikiingizwa kwenye gari lenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo huingia ndani ya jairo, sevo na beringi. Ikiwa bado uwanjani, ifute kwa kitambaa kikavu, ifunge ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, utoe hewa uwezavyo na ukaze mdomo. Jasho litakuwa nje ya mfuko. Ukifika nyumbani usifungue kabla ya saa moja kupita. Kisha zungusha mapanga kwa mkono ukisikiliza beringi, weka tone la mafuta kwenye shafti ya mkia, na betri ambazo hazitatumika kesho zirudishe kwenye volti 3.8 kwa seli kabla hujalala.